Mwenye Kichwa Hajapewa Zamu

Kichwa changu kina wasemaji wengi. Pasta anakisemea kila Jumapili. Mkuu wa shule alikisemea miaka yote ya shule ya msingi, tena kwa maandishi. Mama wa psiko, yule wa msaada wa kisaikolojia, anakisemea kila mradi mpya ukifika kwetu Masisi na fulana zake. Mama Mkubwa anakisemea jikoni hata kama hakuna aliyemuuliza. Mimi ninayekibeba mchana na kukilaza usiku, sijapewa zamu hata siku moja.

Basi nimejipa mwenyewe. Nimenunua daftari la mistari, lile lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada, nikaanza kuandika namna kichwa hiki kinavyofanya kazi. Nilidhani ni jambo la chumbani kwangu. Kumbe nimefungua ofisi.

Mzigo wenyewe ni huu. Masikio yangu hayana mlango. Nikisimama sokoni Sake, mama wa ndagala anayeita wateja, jenereta ya kinyozi, kwaya kwenye simu ya mtu, mtoto anayelilia biskuti na wewe unayenisemesha hapa puani, wote mnaingia kwa nguvu moja na hakuna anayempisha mwenzake. Sombe ikigusa bugari kwenye sahani, nimeshiba. Ukiniambia "nakuja" huku unaondoka, nakungoja palepale. Kuna jamaa alinikuta jioni kwenye kona aliyoniacha, na aliyekasirika ni yeye. Ukiniuliza habari za nyumbani nakupa, zote, mpaka za mbuzi anayeharisha. Lakini niulize barabara ya kutoka Sake kuelekea Walikale: Mushaki, Lushebere, Masisi-kati, Nyabiondo, Kashebere, Kibua, pamoja na kila daraja na ubao wake uliokosekana. Lori likikwama usiku, hapo ndipo ninapokumbukwa. "Mumwamushe ule wa kichwa, atuambie kule mbele kuna nini."

Sasa niwaeleze habari ya macho, maana imenigharimu. Mpaka nilipoota ndevu, mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu kuliko wote kijijini. Siwezi kumtazama mtu machoni. Ni kama kutazama jua. Na kwetu mtoto anayemkazia mzee macho amekosa malezi, kwa hiyo wazee walimpongeza Mama. Walileta watoto wao waje kujifunza kwangu jinsi ya kuinamisha uso. Kisha nikakua, nikaanza kupita kwenye baryeri, vile vizuizi vya barabarani. Kwenye baryeri macho yana kazi nyingine. Kijana mwenye bunduki anakuuliza unatoka wapi, wewe unajibu ukitazama vifungo vya koti lake.

"Juu ya nini hauniangalie? Unaficha nini?"

Nilikuwa sifichi kitu. Nilikuwa nahesabu vifungo, na kimoja hakikuwepo. Nikamwambia kimoja hakipo. Nilikaa chini ya mparachichi mpaka jua likazama, na kitambulisho changu kikanunuliwa upya kwa bei ya kuku. Wataalamu wanaandika kwamba kutotazama watu machoni ni mojawapo ya dalili za usonji. Ningependa kumwona mtaalamu mmoja akipita asubuhi mbele ya Koko, mzee wa nyumbani, na mchana mbele ya baryeri kwa macho yaleyale, halafu aniambie dalili ni ya nani.

Mama wa psiko ni mtu mwema, msinielewe vibaya. Shida yake ni tableti. Alikuja kumwona mtoto wa dada yangu, ambaye kutwa anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi zake, na anaongea akitaka, na mara nyingi hataki. Tableti ikauliza: mtoto anaitika akiitwa jina lake? Dada akauliza jina lipi. Kuna la upande wa baba, la upande wa mama, la ubatizo, na la marehemu aliyerithiwa. Haitiki hata moja. Anaitika ukisema "mandazi". Tableti haina mahali pa kuandika mandazi. Ikauliza tena: mtoto anashtuka akisikia kelele kubwa? Swali hilo, Masisi! Huku hata mbuzi wanajua kulala kifudifudi. Mama wa psiko akabonyeza, akabonyeza, tableti ikatoa hukumu: kiwewe.

Kwetu siku hizi kila kitu ni kiwewe. Sibishi kwamba vita vimetuumiza. Mwaka 2025 peke yake Masisi-kati ilibadilisha wenye bunduki mwezi wa kwanza, na Walikale ikafuata mwezi wa tatu, na sisi tukawa barabarani na magodoro kichwani mara zote. Lakini mtoto huyu alipanga vifuniko kabla hajajua bunduki ni nini, na babu yake alipanga mawe enzi za Mobutu kabla ya vita, wakati kilichotutisha huku kilikuwa kukosa chumvi tu. Nilimwambia hivyo mama wa psiko. Akaniandika na mimi: kiwewe.

Pasta yeye hana tableti. Ana mafuta. Alimwekea mtoto mikono, akasema kuna mzee wa ukoo aliyemfunga ulimi, na kwamba kuufungua kunahitaji mfungo wa nyumba nzima na sadaka ya mbuzi. Mbuzi yule yule anayeharisha, ndiye aliyetakiwa. Kabla uchawi haujahamia kwa mtoto mwenyewe, nikamkumbusha Pasta kwamba sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, ibara ya 160, inampeleka jela anayemsingizia mtoto uchawi. Akasema hajawahi kuiona. Hapo nilimwamini. Sheria ile ilitiwa sahihi Kinshasa. Kufika Goma labda ilipanda ndege, lakini kutoka Sake kuja huku ilibidi ipande lori, na malori yetu mnayajua. Iko mahali imekwama na mzigo wa mafuta ya mawese juu yake.

Na shule je? Kwenye buletini zetu, ukishamaliza hesabu na Kifaransa, chini kuna mistari miwili, aplikasyo na konduite, yaani bidii na mwenendo. Yangu ilisema mvivu kwenye mmoja na msumbufu kwenye mwingine, muhula uleule niliokuwa wa kwanza kwa jiografia. Sijui mtu anakuwaje mvivu na msumbufu kwa wakati mmoja. Usumbufu unataka bidii. Mkuu wetu alikuwa mtu wa mbio. Akikusimamisha usome, fimbo inagonga meza: "Soma mbio! Mbio!" Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akiandika ubaoni. Alikuwa na mwanafunzi wake wa mwandiko, anamwita mbele aandike, yeye anaamuru kwa kichwa, mikono mgongoni. Tulidhani ndio ukubwa.

Nina binti wa kaka anayesomea saikolojia Goma. Mtandao ukishika, na unashika tu nikipanda kilima nyuma ya misheni, ananitumia makala. Ndivyo nilivyojua kwamba makala iliyoutangaza usonji ilianza na barua. Mwaka 1938, wakili mmoja wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, alimsomea karani wake kurasa 33 kuhusu mwanawe Donald Triplett, zikapelekwa kwa daktari Leo Kanner kule Baltimore. Kurasa 33! Mtoto anazungusha vitu, mtoto haitiki, mtoto anakumbuka nyimbo zote, mtoto anafurahi zaidi akiachwa peke yake.

Baba yangu naye aliwahi kuandika. Mkuu wa shule alimtaka aeleze kwa karatasi mwanawe ana shida gani. Baba alichana ukurasa, akaandika: "Mutoto iko vile." Akaipeleka kwa chefu wa kijiji, ikapigwa muhuri, franka zikalipwa, ikafika. Nimeisoma makala ya Kanner iliyotoka mwaka 1943, yenye watoto 11, Donald akiwa wa kwanza wao. Ni makala nzuri. Ila kwa maoni yangu Baba alifika palepale kwa karatasi chache.

Kinachoniudhi ni maisha ya huyo Donald. Alikaa Forest mpaka akafa mwaka 2023, akiwa na miaka 89, baada ya kufanya kazi benki, kucheza golfu na kutembea nchi za watu, na majirani wake walikuwa wakali kwa yeyote anayemchezea. Nilimuuliza binti yetu siri yao ni nini. Akajibu kwamba benki yenyewe ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Aa, ningejua! Hata hapa Masisi, mtoto wa mwenye ng'ombe mia mbili hana pepo. Yule ana mawazo mengi.

Tukishataja ng'ombe, lazima nimtaje Papa Mukubwa, kaka yake Baba. Amechunga kwenye vilima hivi toka utotoni, na ng'ombe waliobaki baada ya kuibwa na kuliwa na kila jeshi lililopita anawajua kwa pembe, kwa mwendo na kwa tabia za mama zao. Na watu anazungumza kwa kukohoa. Siku moja ng'ombe waligoma kuingia njia ya kuogeshewa dawa. Vijana wakapiga miluzi, wakapiga fimbo, wakasukuma. Ng'ombe wa mbele amekaza miguu, macho yamemtoka. Papa Mukubwa akaja, akawatoa vijana wote. Akapiga magoti kwenye tope, akatambaa mpaka mlangoni, kichwa chake kikiwa usawa wa kichwa cha ng'ombe, akakaa hapo anatazama. Kisha akainuka, akaenda kwenye uzio, akatoa koti la mvua la manjano ambalo mtu alilitundika kwenye kigingi. Ng'ombe wakaingia mmoja mmoja kama vile wanakwenda misa. Hakusema neno. Jioni nikamuuliza, akakohoa, akasema: "Balikuwa banaona mutu hana kichwa."

Sasa sikieni. Kule Marekani kuna Temple Grandin, mzaliwa wa 1947, ambaye alikaribia miaka minne bila kusema. Leo ni profesa wa mifugo jimbo la Colorado. Alipataje jina? Aliingia mwenyewe kwenye njia za ng'ombe, akaona wanachokiona: kivuli, mnyororo unaoning'inia, koti juu ya uzio. Koti! Mwaka 1986 akachapisha kitabu cha maisha yake, na kilishtua wakubwa wengi, kwa sababu mpaka hapo waliamini kwamba mwenye usonji hana cha ndani cha kusimulia. Amebuni njia za ng'ombe nchi nzima, amelipwa. Papa Mukubwa kwa kazi ileile alipewa maziwa ya siku ile, na vijana wakaenda kutangaza kwamba mzee amerukwa, anatambaa.

Nikaiandika hiyo habari kwenye daftari, kwa heshima zote. Jambo lililofuata, mzee yuko mlangoni na fimbo yake. Nikadhani amekasirika kwa kuandikwa. Hapana. Amekasirika kwa sababu niliandika "ng'ombe wa mbele" bila jina. Alikaa kwenye kiti changu, kile changu, ambacho hakuna mwingine anayekikalia, akanitajia majina ya wote waliokuwa kwenye mstari siku ile kwa mpangilio wao, na ukoo wa kila mmoja. Daftari langu la mambo ya kichwa sasa lina kurasa kadhaa za ng'ombe. Kuzitoa siwezi, atajua.

Kuna mwingine aliyeniponza, Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji vilevile. Mwaka 1993 aliwaandikia wazazi, akawaomba waache kumwombolezea mtoto aliye hai. Nilimsomea Mama Mkubwa, ambaye kila nikipita anashika shavu na kusema "masikini". Alinisikiliza mpaka mwisho. Akashika shavu. "Masikini," akasema, "na huyo Muzungu pia."

Wapo wanaosema haya yote ni ya Wazungu, kwetu hayakuwepo. Hao naona hawana mama kutoka Walikale. Mimi ninaye, Mnyanga, na Koko wa upande huo alitusimulia habari za Mwindo kabla sijajua kusoma. Chifu Shemwindo aliwaambia wake zake hataki mtoto wa kiume. Akazaliwa wa kiume, na si kwa njia ya kawaida, bali alipitia kidoleni kwa mama yake. Kisha hapohapo anatembea, anaongea, anaimba, fimbo yake ya mkia mkononi. Hebu mpeleke huyo kwenye tableti. Baba yake alimtupia mikuki, ikashindikana. Alimzika, akatoka. Alimfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na ngoma ikaelea ikiimba. Aliyempokea ni shangazi yake, Iyangura. Kila ukoo una mtoto mmoja aliyeokolewa na shangazi, mtaniambia.

Mwaka 1956 msimuliaji Shé-Kárisi Rureke aliimba utendi huo mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck, ukaandikwa neno kwa neno, na mwaka 1969 Biebuyck na msomi wetu Kahombo Mateene wakautoa kitabu, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha California. Kwa hiyo California wanacho, na mimi nina fotokopi ya fotokopi, herufi zimeota ndevu. Lakini mwisho wake unasomeka. Mwindo, baada ya kupandishwa mbinguni na kutiwa adabu, anarudi kuwapa watu wake sheria, na kati ya hizo anakataza kumcheka mlemavu anayepita kijijini, na anawaambia wazae warefu na wafupi pia. Hiyo haikuhitaji lori. Ilikuwa hapahapa msituni.

Nilimsomea Pasta. Akasema hayo ni ya kipagani. Nikamuuliza yapi: kumfungia mtoto ndani ya ngoma, au kutomcheka mlemavu? Akatazama saa.

Ndugu mmoja msomi amenishauri niandike kwa Kifaransa, mambo yapate uzito. Nimekataa. Wanaomwagia mtoto wetu mafuta kichwani wanafanya hivyo kwa Kiswahili. Akasema basi nije kwenye atelye Goma nitoe ushuhuda, kuna perdiemu. Nikaenda. Wakanikalisha chini ya spika. Mkutano wa kuwajali watu wa masikio kama yangu, na mimi niko chini ya spika ukubwa wa kabati, inapima sauti: moja, mbili, moja, mbili. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nje, nimekumbatia mti. Imeandikwa kwenye ripoti kwamba mshiriki mmoja aliguswa sana.

Wakati huo daftari linazunguka. Nilimpa mtu mmoja, naye akampa mwingine, likateremka Sake juu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao, katikati ya magunia ya viazi, likarudi na alama ya vidole vya watu nisiowajua. Na wao wakaanza kuja. Fundi cherehani, ambaye anakata lebo za kila nguo anayovaa kwa sababu zinamchoma kama moto, na alidhani yuko peke yake duniani. Mama wa mkaa, ambaye sufuria zote zimeungua, ufunguo haujulikani ulipo, anaanza hadithi nne hamalizi hata moja. Lakini risasi zikianza yeye ndiye anayefunga mizigo ya mtaa mzima na kuwapanga watoto barabarani bila kumsahau hata mmoja. Wanakaa kwenye kiti changu, wanaongea kwa pamoja, hawataki ushauri. Wanataka kuandikwa. Kalamu hakuna anayeleta.

Kwa ajili yao ikabidi niombe makala nyingine kule kilimani. Moja ni ya zamani sana, ya daktari Mwingereza Pringle Morgan, mwaka 1896, kuhusu kijana wa miaka 14 aitwaye Percy: mwepesi michezoni, mkali wa hesabu, anaelewa kila unachomwambia, lakini kusoma kumemshinda kabisa, na mwalimu wake alisema angekuwa kinara wa shule kama masomo yote yangekuwa ya mdomo. Nikainakili kwa Kiswahili, nikaongeza na ya kwetu: kwamba kuna watu herufi zinawageukia, b na d zinabadilishana viti, na hao wanajifunza njia nyingi za kutokuonekana, kama kusahau miwani, au kumwachia mwingine chaki.

Sikumtaja mtu. Lakini juzi mkuu wa shule, amestaafu sasa, nywele zote nyeupe, alituma mjukuu wake kulichukua daftari. Tangu hapo halijarudi. Fundi cherehani analiulizia, mama wa mkaa ana ukurasa wake haujaisha, Papa Mukubwa amekumbuka ndama aliyesahaulika. Nikaenda mwenyewe. Nikamkuta ameketi barazani, daftari mapajani, kidole juu ya mstari.

Nikamwambia, Mwalimu, samahani, watu wanalingoja. Akasema bado hajamaliza sehemu inayomhusu. Nikamwambia hakuna sehemu inayomhusu. Akanijibu bila kuinua kidole kwamba nisimharakishe.